Jinsi ndege ya majini iliyotua Kisumu inavyofufuliwa katika tarakilishi

NDEGE kubwa za majini zilizotua Kisumu na Mombasa katika miaka ya 1930 zilikwisha kutoweka kitambo. Maarufu zaidi kati yazo, ile ya aina ya Short S.23 iliyojulikana pia kwa jina la Empire, haikubakia hata moja katika makavazi yoyote duniani.

Kwa sababu hiyo, anayetaka kujua ndege hiyo iliendeshwa vipi leo ana njia moja tu iliyo karibu naye: kuiunda upya ndani ya programu ya tarakilishi inayoiga urubani. Kazi hii hufanywa na wapenzi wa usafiri wa angani wakiwa nyumbani, wengi wao bila malipo.

Wengi hudhani kwamba kazi hiyo ni ya kuchora tu. La hasha. Kuchora umbo ndiyo sehemu nyepesi. Ugumu umo katika kuifanya ndege hiyo iwe na uzito, ukaidi na mipaka ileile iliyokuwa nayo ile ya chuma, hasa inapokuwa majini.

NDEGE YENYEWE

Ndege ya majini ya aina hii si ndege ya kawaida iliyofungwa maboya miguuni. Tumbo lake lenyewe ndilo mashua. Lina mkuku chini, omo mbele na tezi nyuma, nalo ndilo huikalisha ndege juu ya maji. Vielea viwili vidogo chini ya mabawa huizuia tu isilale upande.

Short S.23 ilibuniwa na mhandisi Arthur Gouge wa kampuni ya Short Brothers, na kuundwa Rochester, kando ya mto Medway nchini Uingereza. Ya kwanza, iliyoitwa Canopus, iliruka Julai 1936. Zikijumlishwa na ndugu zake wa aina ya S.30 na S.33, ziliundwa ndege 42.

Ilikuwa na injini nne za Bristol Pegasus, kila moja ikiwa na nguvu farasi 920. Upana wake kutoka ncha ya bawa hadi nyingine ulikuwa mita 34.75, na urefu wake mita 26.8. Ikiwa imejazwa, ilikuwa na uzito wa takriban kilo 18,370. Ilibeba wahudumu watano, abiria 24 na shehena ya barua.

Barua ndizo zilizoipa ndege hii kazi. Kampuni ya Imperial Airways ilikuwa imeanza safari za Afrika mnamo 1931, ikifika Mwanza. Mwaka wa 1937 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kusafirisha barua za makoloni yake kwa ndege, na S.23 zikaanza safari kutoka Southampton hadi Durban.

Njia yake ilipitia bahari ya Mediterania, ikafuata mto Nile kupitia Cairo, Wadi Halfa, Khartoum na Malakal, ikafika Port Bell nchini Uganda, kisha Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi na kuendelea kusini kupitia Msumbiji. Ziwa Naivasha nalo lilitumika kama kituo cha ndege za majini.

Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, viwanja vya nchi kavu vilikuwa vimeenea kila mahali. Shirika la BOAC, lililorithi kazi za Imperial Airways, liliachana na ndege za majini Novemba 1950. Kufikia wakati huo ndege za Empire zilikuwa zimepotea katika ajali na vita, au zimekatwakatwa na kuwa vyuma vikuukuu.

KUKUSANYA USHAHIDI

Anayeanza kazi hii hukabiliwa na swali la kwanza: vipimo vitatoka wapi ikiwa hakuna ndege ya kupimwa?

Chanzo cha kwanza ni michoro ya wahandisi na majarida ya urubani ya wakati huo, ambayo yalichapisha michoro ya kina ya ndege hii. Cha pili ni picha. Picha moja iliyopigwa kutoka ubavuni, ikiwa urefu halisi wa ndege unajulikana, humwezesha mchoraji kukadiria umbali kati ya madirisha, kimo cha mlango na mahali injini zilipofungwa.

Chanzo cha tatu ni ndege za ukoo mmoja. Kampuni hiyohiyo iliunda ndege ya kivita ya Sunderland, iliyoruka mara ya kwanza Oktoba 1937. Baadhi zimehifadhiwa nchini Uingereza, zikiwemo zilizo Hendon na Duxford. Ndege ya Solent, iliyokuja baadaye, inaweza kuonekana Auckland nchini New Zealand na Oakland nchini Marekani.

Hapo ndipo penye mtego. Sunderland na S.23 ni ndugu, wala si pacha. Tumbo la Sunderland ni la kina zaidi, na mabawa yake yalisogezwa nyuma kidogo ili kusawazisha uzito wa bunduki za mkiani. Anayenakili sehemu za Sunderland bila kuuliza huishia kuwa na ndege ambayo haikuwahi kuwapo.

Sauti nayo ina mtihani wake. Hata hivyo, injini za Pegasus zilitumika pia katika ndege ya kivita ya Swordfish, na chache kati ya hizo zimeendelea kurushwa katika maonyesho nchini Uingereza hadi karne hii. Mtu anaweza kujifunza mngurumo wa injini moja kutoka kwazo, kisha akaupanga uwe wa injini nne.

KUUNDA UMBO

Umbo huundwa kwa programu ya uchoraji wa pande tatu. Blender, ambayo hutolewa bila malipo, hutumiwa na wengi. Mchoraji huweka mchoro wa ubavu, wa juu na wa mbele kama mwongozo, kisha hujenga ngozi ya ndege kwa maelfu ya vipande vidogo bapa vilivyounganishwa.

Chumba cha marubani huhitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa ndimo mtumiaji atakamokaa muda wote. Kila mshale wa saa, kila mkono wa injini na kila swichi huundwa peke yake ili isogee inapoguswa.

Katika S.23 marubani walikaa ghorofa ya juu, huku abiria wakiwa chini katika vyumba kadhaa. Kimojawapo kilikuwa na nafasi ya watu kusimama na kutazama nchi kupitia dirishani. Hayo yote yanaweza kuchorwa, lakini hayaathiri hata chembe namna ndege inavyoruka.

TARAKIMU ZA URUKAJI

Kinachoathiri urukaji ni tarakimu. Kila programu ya kuiga urubani ina mafaili yanayoieleza ndege kwa hesabu: eneo la mabawa, uzito, mahali kilipo kitovu cha uzito, nguvu za injini, kipenyo cha rafadha na ukinzani wa hewa.

Programu hutofautiana katika kuzitumia tarakimu hizo. Flight Simulator ya kampuni ya Microsoft, iliyotolewa mara ya kwanza mnamo 1982, kwa miaka mingi ilitegemea majedwali ya hesabu. X-Plane huligawa bawa katika vipande vidogo na kukokotoa nguvu ya hewa katika kila kimoja. FlightGear hupatikana bila malipo, na yeyote anaweza kuifungua na kuona hesabu zake.

Mfano mmoja watosha kuonyesha jinsi kosa dogo linavyoweza kuharibu kazi. Gouge alibuni vibawa maalumu vya nyuma ya bawa ambavyo, vilipofunguliwa, viliteleza kwenda nyuma na chini, vikaliongezea bawa eneo. Kwa hiyo ndege nzito kama hii iliweza kutua kwa kasi ndogo. Muundaji akiweka vibawa vya kawaida, ndege yake itakuja kwa kasi kupita kiasi na kuyapiga maji kwa kishindo ambacho marubani wa kweli hawakukijua.

Jambo jingine ni injini kukaa juu ya bawa lililo juu ya tumbo refu. Rubani akiongeza nguvu, msukumo ule wa juu huinamisha pua. Akiipunguza, pua huinuka. Anayezoea ndege za kisasa hushangaa, lakini asiposhangaa basi ndege haikuigwa sawasawa.

TATIZO LA MAJI

Hewa ina hesabu zinazojulikana vyema. Maji ndiyo huwashinda wengi.

Ndege ya majini inapoanza kukimbia huwa kama mashua yoyote: hulima maji, pua huinuka na povu hutapakaa. Kadiri kasi inavyoongezeka ndivyo ukinzani wa maji unavyoongezeka, hadi kufikia kilele. Iwapo injini hazina nguvu ya kuvuka kilele hicho, ndege itabaki ikilima maji bila kuruka kamwe.

Ikivuka, tumbo hupanda na kuanza kuteleza juu ya maji. Hapo ndipo kidato kilichokatwa chini ya tumbo hufanya kazi yake. Huyatenganisha maji na sehemu ya nyuma ya tumbo ili yasing'ang'anie huko. Ukinzani hushuka ghafla, kasi huongezeka na mabawa huanza kubeba uzito.

Katika hatua hiyo rubani hana budi kushikilia pua katika pembe iliyo sawa. Ikiinuka mno au kuinama mno, ndege huanza kurukaruka juu ya maji kama pomboo, kila mruko ukizidi uliotangulia. Hali hiyo imewahi kuvunja ndege za kweli.

Maji shwari kama kioo nayo si rafiki, kinyume na wanavyodhani wengi. Hulishika tumbo kwa nguvu zaidi kuliko maji yenye viwimbi vidogo. Tena wakati wa kutua, rubani hawezi kukadiria kwa macho yuko juu kiasi gani. Humbidi ashuke polepole kwa mwendo usiobadilika hadi atakapohisi maji.

Kwa miaka mingi programu za nyumbani ziliyachukulia maji kuwa sakafu bapa. Muundaji aliorodhesha nukta kadhaa chini ya tumbo na kuieleza programu kwamba nukta hizo huelea. Kutokana na nukta hizo chache ilimbidi aibue kulima, kuteleza na kurukaruka. Wengi walifaulu kwa kujaribu na kurekebisha mara nyingi, kidogo kidogo.

Wanaotaka uhakika zaidi hurudia mbinu ya mhandisi William Froude wa karne ya 19. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba tabia ya chombo kikubwa majini inaweza kukadiriwa kwa kukokota mfano wake mdogo katika tangi la maji. Kampuni ya Short ilikuwa na tangi la namna hiyo. Matokeo ya majaribio ya matumbo ya ndege za majini, yaliyochapishwa katika miaka hiyo, bado husomwa na wanaounda mifano hii.

Ndege ikiwa majini vilevile haina breki. Injini ikiwaka, ndege huenda. Rubani hugeuka kwa kuongeza nguvu ya injini ya nje upande mmoja, huku upepo ukiusukuma mkia mkubwa na kuielekeza pua ulikotoka. Kulifikia boya na kufunga kamba ni somo zima, nalo halina mfano wake katika viwanja vya nchi kavu.

KISUMU SI SOUTHAMPTON

Mtihani mzuri wa kazi hii haupatikani Uingereza. Unapatikana Kisumu.

Bandari ya Southampton iko katika usawa wa bahari. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,130 juu ya usawa huo, na hewa yake, hata pasipo joto, ni pungufu kwa karibu asilimia 10. Naivasha, kwenye takriban mita 1,880, hupungua kwa zaidi ya asilimia 15. Joto la mchana huongeza upungufu huo.

Hewa ikiwa hafifu, bawa huhitaji kasi kubwa zaidi ili kubeba uzito uleule, na rafadha hupata hewa chache ya kusukuma. Maji hayabadiliki: ukinzani wake ni uleule wa Southampton. Kwa hivyo mbio za kuruka huwa ndefu, na kile kilele cha ukinzani huwa kigumu zaidi kuvukwa.

Mfano ulioundwa vyema utalionyesha jambo hilo bila kuelezwa. Ukiujaza kikamilifu na kuurusha kutoka Mombasa, utapaa bila taabu kubwa. Ukiurusha kutoka Kisumu adhuhuri, utakimbia ziwani kwa muda mrefu. Kama hakuna tofauti, kuna kasoro katika hesabu.

Baada ya kupaa kuna milima. Kutoka Kisumu hadi Mombasa ni takriban kilomita 700 kwa mstari ulionyooka. Kwa mwendo wa kawaida wa S.23, yaani kilomita 265 kwa saa, safari hiyo huchukua kama saa mbili na dakika 40. Lakini mashariki mwa Kisumu kuna nyanda za juu, zikiwemo kingo za Mau zinazokaribia mita 3,000, na ndege hii haikuwa na hewa ya kushindiliwa ndani. Abiria walipumua hewa ileile iliyokuwa nje.

DUNIA YA 1937

Ndege ya kale katika dunia ya leo husema uongo nusu. Ramani za programu hizi hutokana na picha za setilaiti za miaka ya karibuni, na nchi imebadilika.

Mji wa kale wa Wadi Halfa, ambako ndege hizi zilitua kwenye mto Nile, ulifunikwa na maji katika miaka ya 1960 kutokana na bwawa kuu la Aswan. Ziwa Victoria lenyewe lilipanda kwa zaidi ya mita mbili kati ya 1961 na 1964. Magugu-maji yanayoziba ghuba ya Winam hayakuwako. Yaliingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980.

Aidha, hakukuwa na setilaiti za kumwelekeza rubani. Alitegemea dira, ramani, saa na redio ya kutafuta mwelekeo. Jinsi tegemeo hilo lilivyokuwa hafifu ilidhihirika Machi 1939, wakati ndege ya Corsair ilipopotea ikitoka Uganda kuelekea Juba. Mafuta yalipokaribia kwisha, rubani aliishusha kwenye mto mwembamba karibu na Faradje, katika Kongo iliyokuwa ikitawaliwa na Ubelgiji, nayo ikapasuka tumbo.

Jaribio la kwanza la kuirusha halikufua dafu. Ilibidi mto uzibwe kwa bwawa ili maji yapate kina, na kambi iliyochipuka hapo ikaitwa Corsairville. Ndege hiyo iliondoka Januari 1940. Atakayezima vifaa vya kisasa katika tarakilishi yake na kuifuata njia hiyo kwa dira peke yake atafahamu upesi jinsi rubani yule alivyopotea.

MALI BILA DAFTARI

Mfano ukikamilika huwekwa kwenye mizani. Je, kasi yake ya juu kabisa inakaribia kilomita 320 kwa saa? Je, mafuta ya kawaida yanaufikisha karibu kilomita 1,220? Je, ukiwa na uzito kamili unaweza kuondoka majini bila nguvu za kubuni?

Ikiwa jibu ni la, muundaji hujikuta njia panda. Anaweza kuongeza nguvu kisirisiri mahali fulani hadi tarakimu zilingane, au anaweza kurudi nyuma na kutafuta kosa. Njia ya kwanza hutoa ndege inayopendeza. Ya pili hutoa elimu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ndivyo ilivyo hapa. Mfano ulio bora huja na maelezo yanayotaja kipi kilitoka kwenye mchoro halisi, kipi kilisomwa kwenye picha, kipi kiliazimwa kutoka kwa Sunderland na kipi ni makisio matupu. Bila daftari hilo, makisio ya leo yatakuwa ukweli wa kesho, na mwingine atayanakili akidhani ni historia.

Makavazi ya Foynes nchini Ireland yalijenga mfano wa ukubwa kamili wa Boeing 314, ndege nyingine ya majini ambayo haikusalia hata moja. Kazi kama hiyo huhitaji jengo na fedha nyingi. Mfano wa tarakilishi huhitaji subira zaidi kuliko fedha, na ukishakamilika unaweza kufunguliwa Kisumu sawa na London.

Kwa Afrika Mashariki, faida yake inazidi burudani. Upande wa Ulaya wa njia ile umeandikwa sana. Upande wa huku, yaani gati, maboya, mashua zilizotangulia kukagua njia ya kutua isiwe na gogo wala mtumbwi, na mikono iliyopakia barua na mafuta, unahitaji kujengwa kutoka kwenye picha na kumbukumbu zilizo hapahapa.

Picha moja ya gati la Kisumu ya mwaka wa 1938, iliyosahaulika ndani ya sanduku la familia, inaweza kuonyesha mahali boya lilipofungwa na maji yalipofika, mambo ambayo michoro ya Rochester haiwezi kuyafichua. Picha kama hizo hufifia na kutupwa, na kila inayopotea humwachia muundaji pengo jingine la kujazwa kwa makisio.